Fizi zinatoka damu, uzito uko juu, uchovu haujaisha tangu korona: ninywe unga wa kutoa sumu?

SWALI: Dokta, nina miaka 41, kilo 98. Niliumwa korona 2021, tangu hapo uchovu hauniishi na sasa fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Muuza dawa kaniambia kirusi kimeacha sumu kwenye fizi na kwenye mafuta ya tumbo, ninywe unga wake, na nisithubutu kwenda kusafishwa meno mana yatalegea. Ni kweli?

JIBU: Dada yangu, naanza na hapo kwenye kulegea, mana hili nalisikia karibu kila siku na limenichosha. Kusafishwa hakulegezi meno! Kinacholegeza ni ukoga ulioganda chini ya fizi, bakteria wanajazana humo, fizi inavimba, mfupa unaoshika jino unaliwa polepole wala huumwi, sasa siku tukiutoa ule ukoga uliokuwa umeyashikanisha kama saruji, uvimbe ukanywea, ndo mtu anagundua jino lilikuwa linacheza siku nyingi. Juzi mzee mmoja katema kipande kwenye beseni, cheusi, kigumu, akanidaka mkono, "umenivunja jino!" Nikampa kioo ahesabu. Yalikuwepo yote.

Huyo muuza unga kachanganya ukweli kidogo na uongo mwingi, ndo mana anauza. Ni kweli mafuta ya tumbo hayakai tu kama gunia la stoo, yanamwaga kemikali zinazochochea uvimbe mwilini, na fizi mbovu nazo hivyohivyo. Qatar waliangalia wagonjwa 568 wa korona, wakatoa matokeo 2021: wenye ugonjwa wa fizi uliokomaa walilazwa ICU na kufariki zaidi ya wengine, hata baada ya kuzingatia umri, sigara na uzito. Uzito mkubwa nao umehusishwa na dalili za korona zinazogoma kuisha. Ila hapo tumeona vitu vinatembea pamoja tu, haina maana kimoja ndo kimezaa kingine, na habari ya sumu ya kunywea unga haimo kabisa.

Mimi nikisoma uzito, fizi na uchovu kwenye meseji moja, kabla ya korona nawaza sukari. Umeshapima? Kisukari kinaharibu fizi, na fizi mbovu zinafanya sukari igome kushuka, halafu korona yenyewe imehusishwa na watu kupata kisukari ambao hawakuwa nacho. Omba kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, na wingi wa damu pia. Hata WHO wanasema uchovu uitwe wa korona pale tu usipokuwa na sababu nyingine. Meno nenda ukasafishwe, mswaki usiache, piga mara mbili kwa siku, mlaini, hata pale panapotoka damu, kwa sababu ukipakwepa ndo ukoga unazidi.

Hizi unga za "kutoa sumu" ndo zinanipandisha presha kabisa. Leo zinatibu fizi, kesho nguvu za kiume, keshokutwa uzazi, kopo ni lilelile! Nyingi ninazoonyeshwa za kupunguza tumbo ni za kuharisha tu, sanamaki na ndugu zake, unaendesha siku tatu mizani inashuka unashangilia, kumbe ni maji. Wengine wanasugulia kwenye fizi magadi na ndimu mpaka zinachubuka, wanakuja kwangu wakati jino halina hata pa kushikilia na sukari iko juu hawajui, hela ya kusafisha imeshaishia kwa muuza unga, na kinachobaki ni kung'oa.

Kama umeshaununua usiutupe. Nenda nao hospitali na kopo lake daktari asome kilichoandikwa, kama kuna kilichoandikwa.