Volti za wapi, ampea za nini? Majibu ya maswali yenu ya umeme

Mwalimu, nimepewa volti 12 na ampea 2. Napataje ukinzani na nguvu?

Ukinzani ni volteji gawanya kwa mkondo: 12 ÷ 2, unapata omu 6. Nguvu ni volteji mara mkondo: 12 × 2, wati 24. Kanuni ya kwanza ni ya Georg Ohm, mwalimu Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827, na kipimo cha omu kimepewa jina lake.

Hesabu imeishia hapo. Ila kabla hujagusa kikokotoo, jizoeze kuuliza: hizo volti 12 zimepimwa kati ya ncha zipi, na hizo ampea 2 zinapita ndani ya nini? Sharti viwe vya kitu kilekile. Makosa mengi ninayosahihisha hutokea hapo, wala si kwenye kugawanya.

Kitabu kinasema nguvu ni mkondo mraba mara ukinzani, halafu kinasema ni volteji mraba gawanya kwa ukinzani. Ya kwanza inaonyesha ukinzani ukipanda nguvu inapanda, ya pili inaonyesha inashuka. Niamini ipi?

Amini zote mbili. Nimefurahi sana umeliona hili, kwa sababu wengi hukariri kanuni zote mbili bila kugundua kwamba zinaonekana kugombana.

Chukua rezista mbili (vipande vya kuzuia mkondo), ya omu 10 na ya omu 20, na betri ya volti 12. Ukiziunga sambamba, kila moja inapata volti 12 kamili. Ya omu 10 inatoa 144 ÷ 10, wati 14.4, ya omu 20 inatoa wati 7.2. Yenye ukinzani mdogo ndiyo inayopata moto zaidi. Sasa ziunge kwa mfuatano, moja baada ya nyingine. Ukinzani wa jumla ni omu 30, mkondo ni ampea 0.4, na mkondo huo mmoja unapita kote. Ya omu 10 inatoa 0.4 × 0.4 × 10, wati 1.6; ya omu 20 inatoa wati 3.2. Mambo yamegeuka! Kwa hiyo angalia ni kipi ambacho rezista zote zinashiriki sawa. Kama ni volteji, kanuni ya pili ndiyo itakayokupa picha haraka. Kama ni mkondo, tumia ya kwanza.

Na ukitaka kutumia volteji kwenye mfuatano, ruksa, mradi utumie volteji ya rezista yenyewe. Ile ya omu 20 ina volti 8 tu: 64 ÷ 20 ni wati 3.2 vilevile. Mwenye kuandika 144 ÷ 20 ameipa volti ambazo haina.

Hita yangu imeandikwa volti 230, wati 2000. Waya wa ekstensheni una omu 0.5, kwenda na kurudi. Nimekokotoa nguvu inayopotea kwenye waya nikapata wati 105,800. Inawezekana?

Haiwezekani, waya ungeyeyuka. Umechukua 230 mraba ukagawanya kwa 0.5, kumbe hizo volti 230 ni za mzunguko mzima, waya na hita kwa pamoja.

Anza na hita. Mkondo wake ni 2000 ÷ 230, ampea 8.7, na ukinzani wake ni 230 ÷ 8.7, karibu omu 26.45. Jumlisha omu 0.5 za waya, unapata 26.95. Mkondo halisi basi ni ampea 8.53. Kwenye waya, 8.53 mraba mara 0.5 ni kama wati 36. Ukitawanyika kwenye waya ulionyooshwa, moto wa wati 36 si tatizo kubwa. Waya ukiachwa umeviringishwa, moto unakosa pa kutokea na plastiki yake inaweza kulainika. Tafadhali ukunjue wote kabla ya kuwasha hita.

Balbu ya zamani ya uzi, wati 60 kwa volti 240. Hesabu inanipa omu 960, multimita inasoma omu 70. Multimita ni mbovu?

Ni nzima. Umepima uzi ukiwa baridi. Balbu ikiwaka, uzi wake wa tungsteni hufika nyuzijoto 2,500 hivi za Selsiasi, na ukinzani wa metali hupanda na joto. Ndiyo maana mkondo wa mwanzo kabisa ni 240 ÷ 70, zaidi ya ampea 3, kisha unashuka hadi 0.25 kwa kufumba na kufumbua. Balbu hizi nyingi huungua wakati ule ule wa kuwasha.

Taa yangu ndogo ya LED inataka volti 2 na miliampea 20, betri ni volti 9. Nimegawanya 9 kwa 20 nikapata rezista ya omu 0.45.

Usiunganishe! Miliampea 20 ni ampea 0.02, na rezista inabeba volti 7 tu, kwa kuwa 2 ni za LED. 7 ÷ 0.02 ni omu 350. Chukua ya omu 390, inayopatikana kirahisi. Nguvu haifiki wati 0.14, kwa hiyo rezista ya robo wati inatosha.

Je, naweza kukokotoa mkondo wa feni kwa kupima ukinzani wa mota?

Hapana. Mota inapozunguka huzalisha volteji inayopinga ile unayoipa, na kwenye umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo mara kwa mara, kama wa nyumbani) koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya mota, nayo huzuia mkondo kwa namna yake. Mkondo halisi huwa mdogo kuliko unaoupata kwa kugawanya. Mota ikikwama, ile volteji ya kupinga hutoweka, mkondo hupanda, na koili zinaweza kuungua. Ukiisikia inanguruma bila kuzunguka, izime papo hapo.