Kufuatilia madau kwenye tovuti ya mnada

Mkuu, umesema tovuti yako ya kunadi magari yaliyotumika inaonyesha bei ya juu tu, na wateja wanalalamika hawajui nani kapanda dau lini. Tatizo ni kwamba kila dau jipya linafuta lililotangulia. Kwenye hifadhidata, fungua jedwali la madau peke yake, kila dau mstari wake: namba ya gari, namba ya mteja, kiasi, na saa ya seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti. Siyo saa ya simu ya mteja, hiyo inachezewa. Mstari ukishaingia haufutwi wala haurekebishwi.

Pabaya ni sekunde za mwisho. Mimi yalinikuta: bei ilikuwa 4,200,000, watu wawili wakabonyeza 4,300,000 kwa pamoja, mfumo ukawapokea wote, kila mmoja akaambiwa anaongoza. Simu nilizopigiwa jioni ile! Dawa yake, funga mstari wa gari hilo kwenye hifadhidata ili dau jingine lisubiri, na ndani ya muamala mmoja, yaani hatua zinazokamilika zote au zisifanyike kabisa, soma bei ya sasa, linganisha, ndipo uandike. Wa pili aambiwe papo hapo kwamba kapitwa.

Kuhusu wanaovizia mwishoni: eBay, ile tovuti kubwa ya mnada, haiongezi muda, ila ina dau la kujiendesha; unaweka kikomo chako, nayo inakupandishia kidogokidogo. Mimi ningesogeza muda dakika mbili kila dau likiingia ukingoni, kama dalali anavyoita mara ya tatu kabla ya kugonga nyundo.

Historia ya madau ionyeshe majina ya kificho tu. Arifa ya "umepitwa" itume kwa SMS. Baruapepe wengi hawafungui.