Bendi ya PCR haithibitishi kwamba kloroplasti zote zimebadilika

SWALI: Nilipiga majani ya tumbaku kwa bunduki ya jeni, nikilenga kloroplasti, vile viungo vya kijani ndani ya seli, ili niziingizie jeni mpya. Machipukizi matatu yamebaki kijani kwenye spektinomaisini (dawa inayopausha mimea isiyo na ukinzani), miligramu 500 kwa lita, na PCR, mbinu ya kukuza nakala za kipande cha DNA, imetoa bendi, yaani mstari kwenye jeli. Niyahamishie kwenye udongo nipate mbegu?

JIBU: Bado. Hiyo bendi ndiyo inayowaponza wengi.

Seli moja ya jani la tumbaku inaweza kuwa na nakala 10,000 za jenomu ya kloroplasti (DNA yake yote), na risasi yako imebadilisha chache mno. PCR huzikuza hizo chache mpaka zing'are kwenye jeli, huku nakala za zamani zikiwa bado zimejaa. Ukiondoa dawa mapema, za zamani huweza kurudi kutawala.

Hata ukijani wenyewe hudanganya. Badiliko la herufi moja kwenye jeni ya kloroplasti yenyewe iitwayo rRNA ya 16S, ambayo spektinomaisini huilenga, hutosha kuupa mmea ukinzani. Weka vipande vya majani kwenye midia yenye spektinomaisini na streptomaisini, miligramu 500 kwa lita kila moja: vyenye aadA, jeni ya ukinzani uliyoingiza, hubaki kijani, vya badiliko hilo hupauka. Tena, kati ya praima mbili (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR), moja ishike jenomu ya kloroplasti nje ya kipande kilichomo kwenye plasmidi yako, yaani duara la DNA lililobeba jeni, nyingine iwe ndani ya aadA. Zote mbili zikiwa ndani, bendi itatoka hata jeni ikiwa imeangukia kwenye kiini cha seli.

Kisha kata majani vipande vya milimita chache, uchipushe upya kwenye dawa, mizunguko miwili au mitatu, ndipo ufanye Southern bloti, kipimo kinachoonyesha urefu wa vipande vya DNA bila kuvikuza. Kipande cha zamani kitoweke kabisa, kibaki kirefu kipya peke yake. Usitegemee PCR hapa: kiini kina vipande vya DNA ya kloroplasti vilivyohamia humo tangu kale, hivyo bendi hafifu ya asili inaweza kuonekana hata kwenye mmea safi, ambao kloroplasti zake zote zimebadilika.

Mwisho ni mbegu. Kloroplasti za tumbaku hurithiwa kwa mama, kwa hiyo miche yote ya mmea wako iote kijani kwenye spektinomaisini. Chavua yake ikitiwa kwenye mmea wa kawaida, miche itoke myeupe.

Wanaofundisha kwamba "PCR inatosha" wanawapotezea vijana miaka. Mbegu mchanganyiko zikishagawiwa, kila maabara hupata matokeo yake, na hakuna anayejua kosa lilianzia wapi. Ukipewa mbegu zinazodaiwa kuwa safi, dai picha ya bloti kabla hujazipanda.