Maswali Yenu: Ukirudi Kolejini, Wewe ni Mgeni

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: koleji za makazi, yaani zile nyumba ndani ya chuo kikuu ambamo mwanafunzi hulala, hula na kusoma, kisha akabaki anaitwa mtu wa koleji fulani hata nywele zikimwota mvi. Mfumo wenyewe chimbuko lake ni Oxford na Cambridge. Marekani uliingia Harvard mwaka 1930 na Yale mwaka 1933, kote kuwili kwa fedha za mfadhili mmoja, Edward Harkness. Rice, chuo kikuu cha Texas, wakaanza mwaka 1957. Tumechagua barua sita.

Tuliandaa chakula cha jioni cha wahitimu wa koleji. Watu 300 walisema watakuja, wakaja 110, na chakula kikamwagwa. Tulikosea wapi? (Katibu wa kamati)

Kwenye hilo neno "walisema". Kidole gumba kwenye kundi la WhatsApp si ahadi, ni salamu. Anayekuja ni aliyelipa, hata kama alicholipa ni sehemu ndogo tu ya gharama. Jina liingie kwenye orodha ya meza siku fedha inapoingia, na asiyelipa asihesabiwe hata akiwa swahiba wa mwenyekiti.

Kosa la pili tunalikisia kutokana na hiyo 300: mlialika koleji nzima kwa mkupuo. Mtu akikuta marika 40 bwaloni hajui aketi na nani, huzungukazunguka, hula haraka, huondoka. Koleji za Oxford zina karamu iitwayo gaudy, jina lililotokana na neno la Kilatini la kufurahi, na huialika kwa zamu, marika machache kila mara. Igeni hilo. Chukueni miaka mitatu inayofuatana. Wa mwaka wa kati atawakuta aliowakuta kolejini na waliomkuta yeye, na hao mara nyingi ndio aliowazoea kuliko wenzake wa darasani.

Hesabuni mwaka wa kuingia, si wa kuhitimu. Kuna aliyesoma miaka mitatu, aliyesoma mitano, aliyerudia mwaka, na aliyeondoka bila shahada. Wote waliburuta masanduku yao ngazini wiki ile ile. Ukifuata orodha ya mahafali utawatawanya, na yule asiyemaliza hutampata kabisa. Naye akialikwa, mara nyingi ndiye hufurahi kuliko wote.

Ratiba yetu ni hii. Miezi 12 kabla, tarehe na bwalo, baada ya kuangalia mitihani na sikukuu za dini. Miezi 9, tangazo la tarehe peke yake, ili watu waombe ruhusa kazini. Miezi 4, mlango wa malipo unafunguliwa. Wiki 6, unafungwa. Wiki 2, jikoni wapewe idadi pamoja na orodha ya wasiokula hiki na kile, ikiwa na majina na namba za meza. Ukiandika tu "wasiokula nyama 9", sahani tisa zitazunguka bwalo zima zikiwatafuta wenyewe.

Viti ndivyo huharibu usiku. Kila mtu apewe sentimita 60 za ukingo wa meza. Chini ya 50 viwiko hugongana na mhudumu hapati pa kupenyeza mkono. Meza ya mita 3 basi ni watu 5 kila upande. Mkiwa nazo 16 mna nafasi 160. Uzeni 156, nne ziwasubiri mhadhiri aliyesahauliwa na wale ambao hawakosekani kufika wakisema walilipa kwa jina la mke.

Sasa tazameni meza moja. Anayesikika sana akae katikati ya upande wake, kwa sababu akiwa pembeni nusu ya meza haimpati na nusu nyingine haipumui. Aliyekuja peke yake msimweke ubavuni mwa mtu aliyeishi naye korido moja. Mwekeni wakabiliane, waonane usoni. Waliogombana wawe upande mmoja wakiachana viti vitatu, hapo hawaonani wala hawasikiani. Wenza ama waalikwe wote, ama asialikwe hata mmoja. Kualika nusunusu ndiko huzaa manung'uniko ya miaka.

Vibandiko vya jina: jina alilojulikana nalo enzi hizo, chini yake la sasa kama lilibadilika, na mwaka wa kuingia. Herufi ziwe na kimo cha sentimita 1, kibandikwe kifua cha kulia, kwani jicho hufuata mkono unaosalimia. Hotuba tatu, dakika tano kila moja, na maikrofoni ijaribiwe watu wakiwamo. Bwalo tupu lenye dari refu hudanganya.

Mwaliko unasema "joho". Nilihitimu miaka 18 iliyopita na sina. Ninunue? (Mhitimu)

Usinunue. Mwandikie katibu wa karamu wiki tatu kabla. Koleji nyingi zina ya kuazima. Taja tu una shahada gani, maana joho hutofautiana. Oxford, kwa mfano, mwenye shahada ya kwanza ya BA anaweza kupewa MA, yaani shahada ya uzamili, mihula 21 baada ya kuandikishwa rasmi, bila mtihani mwingine, na akiipokea joho lake si lile tena.

Kuhusu mezani: simama nyuma ya kiti chako mpaka sala iishe, hata kama ni Kilatini na huambulii neno. Usikae kabla ya meza kuu, usitoke kabla yao. Simu iwe mfukoni wakati wa sala. Picha mtapiga uani.

Kila wikendi ya wahitimu wanatugongea milango wakitaka kuona vyumba vyao vya zamani. Mmoja alibisha hodi saa tano usiku, nami nina mtihani. Nikikataa naambiwa sina adabu. (Mwanafunzi, mwaka wa tatu)

Mdogo wetu, adabu unayo. Chumba ni cha anayelala humo leo. Aliyekaa humo miaka 20 iliyopita ni mgeni mwenye kumbukumbu, na mgeni huomba.

Hata hivyo hamu yao ni ya kweli na ina dawa rahisi. Wawakilishi wenu waiombe ofisi ya koleji chumba kimoja katika kila korido, cha mwanafunzi aliyejitolea, kiwe wazi kuanzia saa nane hadi saa kumi mchana. Mlangoni kadi ya kijani. Mlango usio na kadi haugongwi, na sharti hilo lichapwe kwenye mwaliko wenyewe, si kwenye karatasi ya lango ambayo hakuna anayeisoma. Mwenye chumba atoe vitu vyake vya thamani na awepo mwenyewe. Dakika kumi zinamtosha mtu: ataangalia dirisha, ataulizia kitanda kilikuwa upande gani, atatoka. Na karamu isipangwe wiki ya mitihani. Mkiona tarehe hiyo, lalamikeni miezi kumi kabla, si siku kumi.

Wakubwa nao tunawaomba kitu kimoja. Sentensi inayoanza na "enzi zetu" mwanafunzi huivumilia mara moja. Muulize anaishi korido ipi, chakula kikoje, nani bawabu sasa.

Mkitaka wanafunzi karamuni, mmoja kwa kila meza ya watu kumi, halipi, na anaketi katikati. Wawili watazungumza wao kwa wao.

Zamani wanafunzi wapya wa koleji yetu walibeba taa kutoka langoni hadi bwaloni usiku wa kwanza. Desturi ilikufa miaka 9 iliyopita. Tunataka irudi, ila wanafunzi wanasema hata zamani hizo haikuwa ya kale. (Mwenyekiti wa umoja wa wahitimu)

Ukale si hoja. Merton, koleji ya Oxford ya mwaka 1264, ina usiku mmoja wa Oktoba ambapo wanafunzi waliovaa majoho huzunguka ua wakitembea kinyumenyume, kuanzia saa nane usiku kwa saa za zamani hadi saa nane kwa saa mpya, saa za nchi zikirudishwa nyuma. Mgeni hudhani ni jambo la zama za kati. Lilianza mwaka 1971.

Kinachookoa desturi ni maandishi. Koleji ya All Souls, ya Oxford, ina maandamano ya kumsaka bata anayesimuliwa kuwa aliruka kutoka kwenye misingi jengo likijengwa, na hufanyika mara moja tu kwa karne. Ya mwisho yalikuwa mwaka 2001, yajayo ni 2101. Hapo hakuna wa kumwuliza mwenzake "mlifanyaje mara iliyopita?", bila karatasi yamekwisha.

Kwa hiyo tafuteni watu watano waliobeba taa hizo, wa marika yasiyopungua matatu. Kila mmoja aandike peke yake kabla hawajazungumza, maana wakizungumza kwanza mtapata kumbukumbu moja iliyokubaliwa, ya msemaji mwenye sauti kubwa. Linganisheni. Wanachokubaliana wote ndicho kiini. Mapambo mengine yaacheni. Kisha ukurasa mmoja: anaanza nani, wapi, yanasemwa maneno gani, dakika ngapi, taa ngapi, zinahifadhiwa kabati gani na ufunguo uko kwa nani. Ufunguo si mzaha. Desturi nyingi hufa kwa sababu aliyekuwa nao alihitimu akaondoka nao.

Chunguzeni pia kwa nini ilikoma. Ikiwa ni moto wa mishumaa, wekeni taa za betri. Ikiwa wapya walikuwa wakidhihakiwa au kulazimishwa, iacheni ilale huko iliko.

Vifaa viwe rahisi. Koleji ya Queen's, ya Oxford pia, kila mwaka mpya humpa mgeni wa karamu sindano yenye uzi na kumwambia awe mwekevu, kwa mchezo wa maneno juu ya jina la mwasisi wao Eglesfield: kwa Kifaransa sindano na uzi husikika karibu hivyo. Sindano na uzi haviwezi kumshinda mweka hazina yeyote.

Mwisho, wakabidhini wanafunzi wa mwaka wa pili, si wa mwisho. Wa mwisho wataifanya vizuri sana mara moja, waondoke. Wa pili watakuwepo mwakani kuona kama imerudiwa. Wahitimu msimame pembeni. Taa zibebwe na wenye usiku wao.

Daftari letu lina majina 2,400 na karibu nusu ya barua pepe zinarudi. (Mtunza kumbukumbu)

Usianze na 2,400. Kila rika litoe watu wawili ambao si marafiki wa karibu. Marafiki wawili wanawajua watu wale wale. Wape orodha ya mwaka wao kutoka kitabu cha kuandikishwa na waifanyie kazi wiki sita.

Safu za daftari: jina la wakati ule, jina la sasa, mwaka wa kuingia, korido, barua pepe binafsi (ya kazini hufa mtu akihama kazi), simu, anapenda kutafutwa kwa njia ipi, na tarehe taarifa ilipohakikiwa. Hiyo ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo inayokuambia lipi la kuamini. Nakala kuu iwe moja, mhariri mmoja. Namba za kundi la WhatsApp usizihamishie daftarini bila kumwuliza mwenyewe. Alijiunga kupiga soga.

Waliofariki usiwafute. Weka alama, jina la aliyekujulisha na tarehe, na upate uthibitisho wa mtu wa pili. Ukifuta, siku mtu atakapopakia orodha ya zamani jina litarudi, na mjane atapokea mwaliko wenye maneno "tunakungoja kwa hamu". Barua ya namna hiyo haina msamaha wa haraka.

Tumekusanya fedha kidogo za kusaidia wanafunzi. Tufungue mfuko wa kudumu? (Mweka hazina)

Pigeni hesabu kwanza. Mfuko wa kudumu kwa kawaida hutumia asilimia 4 hivi kwa mwaka ili mtaji usiliwe: kwenye 100,000 za sarafu yoyote, ni 4,000. Ikiwa kiasi hicho hakimfikishi mwanafunzi mmoja popote, msijifunge. Anzisheni mfuko wa dharura unaotumika na kujazwa kila mwaka: nauli ya kwenda kuzika, miwani iliyovunjika, kompyuta iliyokufa wiki ya tasnifu. Uamuzi utoke ndani ya saa 48, kwa watu wawili wa koleji, na wahitimu wasijulishwe majina. Wapeni idadi na jumla tu. Mwanafunzi akijua kwamba meza nzima ya karamu itajua shida yake, haombi.

Msichangishe karamuni. Andikeni ndani ya siku 14 baada yake, barua moja fupi yenye kiasi kinachotakiwa na kazi yake. Akitokea anayetaka kitu kiitwe kwa jina lake, mkubalieni kwa miaka 15 au 20 iliyoandikwa kwenye mkataba. Majina huja kuleta shida: Yale mwaka 2017 walilazimika kuiondolea koleji moja jina la Calhoun, mtetezi wa utumwa, wakaiita Grace Hopper, kwa jina la mwanasayansi wa kompyuta, na wahitimu wa awali wakaachiwa wachague wenyewe kama watajihesabu chini ya jina jipya.