Mwanangu, wahimize, lakini usiwafiche ukweli

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na swali lako nimekaa nalo siku tatu. Umeniuliza: "Mama, ni haki kuwahimiza wanafunzi wangu wa kidato cha tano waanze masomo ya chuo kikuu mapema, kama wanavyofanya Marekani, au nitakuwa nawatwisha mzigo usio wao?"

Wahimize, baba. Ila usiwadanganye kuhusu watakachopata.

Wamarekani wana utaratibu wao uitwao Advanced Placement, ulioanza miaka ya 1950. Mwanafunzi wa sekondari anasoma somo la kiwango cha mwaka wa kwanza chuoni, mwezi wa tano anafanya mtihani, anapewa alama kati ya 1 na 5. Akipata 3 na kuendelea, vyuo vingi vinamhesabia kuwa somo lile ameshalisoma, ingawa vingine vinataka 4 au 5. Hapa kwetu hilo halipo. Mtoto wako hata akimaliza kitabu kizima cha mwaka wa kwanza, atapimwa kwa matokeo yake ya kidato cha sita, na bila principal pass mbili, yaani alama ya A hadi E katika masomo mawili makuu, digrii ya moja kwa moja ataisikia tu. Waambie hivyo siku ya kwanza, wasije wakaona umewauzia mbuzi kwenye gunia.

Utauliza, sasa wasome kwa ajili gani? Ngoja nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukuambia.

Siku yangu ya kwanza chuoni nilikaa mbele, daftari jipya, kalamu mbili. Mhadhiri akaingia, akaongea saa nzima, ubaoni akaandika mistari mitatu. Mimi nasubiri aseme "andikeni", maana tangu darasa la kwanza ndivyo nilivyosoma: mwalimu anasoma notisi, sisi tunaandika. Hakusema. Alipotoka, daftari langu lilikuwa na tarehe tu. Jirani yangu alikuwa amejaza kurasa nne. Baba yake alikuwa msomi, alishamwonyesha nyumbani namna ya kumsikiliza mhadhiri. Jaribio la kwanza nikapata 9 kwa 40. Nilijifungia chooni nikalia. Nilitoka sekondari na daraja la kwanza, na siku ile niliamini sina akili, kumbe nilikuwa mgeni tu.

Ugeni ule ndio nataka uwaondolee wanafunzi wako.

Usiwape masomo matano. Wape moja, na mimi ningechagua takwimu, kwa sababu somo lake liko ghalani. Watoto wa huku wanamjua mpima ubora wa korosho: anachota chache kwenye magunia, anazikata moja moja atazame kiini, kisha kwa hizo chache anauhukumu mzigo wote. Waulize, anajuaje hakosei? Waache wabishane mpaka wachoke. Halafu waambie kwamba akitaka kosa la makadirio yake lipungue nusu, kukata korosho mara mbili ya zile hakutoshi, inabidi akate korosho mara nne ya zile, na sababu waitafute wenyewe. Hapo wameshaingia mwaka wa kwanza bila kujijua.

Na notisi usiwape! Wape kurasa tano wakasome, kesho yake waje na maswali. Wiki za mwanzo watanyamaza wakikutazama. Vumilia.

Anza nao wakiwa kidato cha tano, Jumamosi asubuhi, kwa muda wa saa mbili tu. Kidato cha sita waache wahangaike na mtihani wao. Ukiona mtoto Fizikia inashuka, mpumzishe kwa upole, asiaibike mbele ya wenzake. Hela ya tuisheni usichangishe hata kidogo, maana atakayeshindwa kulipa ndiye hasa ninayemfikiria mimi. Vilevile usiwachukue wale watatu wanaoongoza tu. Mtafute binti anayekaa nyuma, ambaye kwao hakuna aliyevuka kidato cha nne. Yule wa kwanza darasani atafika chuoni hata usipomshika mkono. Huyu binti anahitaji kuambiwa na mtu anayemheshimu kwamba chuo ni chake pia, na akishaambiwa, aonyeshwe njia.

Muhula ukiisha, walete Mtwara, hata kumi. Kutoka Lindi ni kama kilomita 100. Omba ruhusa pale chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris wakae nyuma ya ukumbi, wasikilize mhadhara mmoja, waone wanafunzi wanavyoandika bila kuambiwa waandike. Chakula cha mchana nitapika mimi, na samaki nitawatafutia.

Ijumaa nitampa kondakta wa basi la asubuhi kitabu changu cha takwimu, nenda ukakipokee stendi. Jalada mchwa wamelila, ila sura ya sampuli ni nzima. Pembeni mwa kurasa utaona penseli yangu: ni maswali niliyoogopa kumuuliza mhadhiri. Anza nao kwa hayo.

Mama yako,
Shangani, Mtwara