Ukungu ndani ya saa: kabla hujamruhusu mtu aifungue

Saa yangu niliinunua Dubai kwa wakala halali, baada ya miaka ya kujinyima. Mgongoni imeandikwa mita 100, kipimo cha kuzuia maji. Ilikuwa na miezi 14 nilipopanda kivuko kutoka Lutoboka, visiwani Ssese, kurudi Nakiwogo, Entebbe, mvua ikatupiga njia nzima. Siku mbili baadaye nikaenda msibani Kabale. Baridi ya Kabale alfajiri mnaijua. Nikatazama saa, kioo kimefunga ukungu. Nikaufuta kwa shati, haufutiki. Uko ndani.

Niliporudi Kampala, kwenye jua la mchana, kioo kikawa safi kama kipya. Hapo ndipo nilipokaribia kujiponza, maana nilidhani imekauka yenyewe. Kumbe maji hayaendi popote. Yanageuka mvuke na kubaki humo humo, yakisubiri kioo kipoe yajitokeze tena, na muda wote huo skrubu ndogo na springi ya uzi, ile nyembamba inayoongoza mwendo wa saa, zinaanza kupata kutu. Ukungu wa saa ukiisha wenyewe, usishukuru.

Nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza saa kwenye veranda mjini. Aliigeuza mara mbili, lenzi jichoni, akanirudishia.

"Mwanangu, nikiifungua hii leo, waranti yako inafia hapa mezani kwangu."

Angeweza kula pesa yangu, hakuila. Badala yake akanifundisha kitu. Aliiweka saa karibu na taa yake mpaka ikapata uvuguvugu, akadondosha tone la maji baridi juu ya kioo, akangoja dakika moja, akafuta. Pale tone lilipokuwa, kwa ndani, kulikuwa na duara la ukungu. Si uchawi wa veranda huo. Kipimo hicho kimo katika kanuni za kimataifa za saa zisizopitisha maji, ISO 22810: saa hupashwa hadi nyuzi kati ya 40 na 45, kisha huwekwa tone lenye nyuzi 18 hadi 25.

Nyumbani nilishauriwa niifukie kwenye mchele. Mchele mpikie pilau. Kama ukungu umenaswa nyuma ya chuma na kioo, punje za nje zitaunyonyea wapi? Draya ya nywele nayo inaweza kuharibu raba zinazozuia maji na kukausha mafuta ya mtambo. Mimi niliivua tu, nikaiacha hadi mtambo ukasimama wenyewe. Kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia majira sikukigusa, kwa sababu ukikifungua unaweza kuongeza unyevu, na pia unampa wakala neno la kusema.

Na neno hilo alikuwa nalo. Kijana wa kaunta, kwenye ofisi inayopokea saa hizo, kwanza alisema iko sawa, maana kioo kilikuwa kikavu. Nikamwomba taa na tone la maji. Duara likatokea. Ndipo akasema, "Basi uliacha kitufe wazi, mzee. Waranti haigusi hiyo."

Ugomvi wote uko hapo. Kampuni kama Rolex na Omega hutoa waranti ya miaka 5, nyingine nyingi miaka 2, lakini maji yakiingia kwa uzembe wa mvaaji, gharama ni yako. Kilichoniokoa ni picha niliyopiga kule Kabale: ukungu unaonekana, kitufe kimekazwa, na simu imeandika tarehe na saa. Nikamwomba aandike kwenye risiti ya kupokea kwamba kitufe kimekazwa, mfuniko wa nyuma hauna alama ya kufunguliwa, na namba ya saa ni hii. Kadi ya waranti nikaipiga picha pande zote mbili kabla ya kuiachia. Saa ilipelekwa nje ya nchi, nikataka itangazwe kwa watu wa forodha kuwa inakwenda kutengenezwa, isije ikarudi ikahesabiwa kuwa mpya.

Wiki 9. Nilipiga simu hadi wakanijua kwa sauti. Majibu: raba ya kitufe ilikuwa imechanika tangu kufungwa kiwandani. Hawakunitoza, ila mkanda wa ngozi ulioharibika walikataa. Dai pia karatasi ya kipimo cha shinikizo, na uulize kazi yenyewe ina waranti ya muda gani.

Na zile mita usizisome kama kina cha ziwa. Ni shinikizo la maabara, maji yakiwa yametulia na raba zikiwa mpya. Mita 30 ni za kunawa mikono na manyunyu. Hata yenye mita 100 usiingie nayo kwenye bafu la mvuke, na raba zikaguliwe kila mwaka.

Nilirudi kwa mzee wa veranda kumwonyesha. Akaipasha kwenye taa, akadondosha tone, akafuta. Kioo kikavu. Akanyoosha mkono: "Shilingi elfu tano. Hilo tone la kwanza nilikukopesha."