Maswali ya Wasomaji: Picha za Meli za Abiria Ukutani

Tangu tulipochapisha makala fupi kuhusu meli za abiria zilizokuwa zikipita pwani yetu, tumepokea barua kadhaa kutoka Tanga na maeneo ya jirani zinazouliza kuhusu picha za kuchapwa za meli hizo. Tumechagua barua nne, na baadhi yake tumezifupisha.

Ndugu Mhariri, marehemu baba alifanya kazi kwenye matishari, yaani vyombo bapa vya kushushia mizigo kutoka melini, katika bandari ya Tanga. Ametuachia picha kubwa ya rangi ya meli iitwayo Uganda, yenye bodi nyeupe na dohani (bomba la moshi) nyeusi iliyozungushwa mistari miwili myeupe. Mjomba anashikilia kwamba ni mchoro wa mkono wenye thamani kubwa, na dada yangu anasema ni ukurasa wa kalenda uliokatwa. Nani kati yao yuko sahihi, na picha ni ya mwaka gani? — Msomaji wa Chumbageni

Maswali yako ni mawili na inafaa tusiyachanganye, kwa kuwa umri wa meli inayoonekana katika picha ni jambo moja, na umri wa karatasi ni jambo jingine kabisa.

Meli Uganda ilijengwa Glasgow na kiwanda cha Barclay Curle kwa ajili ya kampuni ya meli ya British India, ikaanza kazi mwaka 1952, mwaka mmoja baada ya pacha wake aliyeitwa Kenya. Ilikuwa na urefu wa takriban mita 165 na ukubwa wa tani 14,430, ikachukua abiria wapatao 300 wa madaraja mawili pamoja na shehena, ikitoka London kupitia Suez na Aden hadi pwani yetu na kuendelea kusini mpaka Beira. Kampuni yenyewe haikuwa ngeni huku, kwani ilianza kuleta barua na abiria Zanzibar mwaka 1872. Dohani nyeusi yenye mistari miwili myeupe iliyokaribiana ndiyo iliyokuwa alama yake, kwa hiyo katika jambo hilo mchoraji wako hakukosea.

Sasa tazama bodi. Katika miaka ya mwanzo Uganda ilipakwa rangi nyeusi, na baadaye ikawa nyeupe yenye mstari mwembamba mweusi ubavuni. Kisha angalia tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli. Meli ilipoacha safari za kawaida ilibadilishwa kuwa meli ya ziara za wanafunzi na kuanza kazi hiyo mwaka 1968, na katika mabadiliko hayo iliongezewa sehemu kubwa ya vyumba upande wa nyuma, hata umbo lake likaonekana zito zaidi kuliko awali. Ikiwa katika picha yako bodi ni nyeupe na tezi bado ni nyepesi, basi mchoraji alikusudia kuonyesha meli ile aliyoijua marehemu baba yako, kabla ya mwaka 1968. Ungeona misalaba myekundu, ungejua kuwa ni Uganda ya mwaka 1982, ilipotumiwa kuwa meli ya hospitali katika vita vya Uingereza na Argentina vya kugombea visiwa vya Falklands.

Hata hivyo, hayo hayathibitishi kwamba picha ilichapwa wakati huo. Meli iliuzwa kuwa chuma chakavu mwaka 1986, na wachoraji waliendelea kuichora kwa ajili ya watu walioikumbuka, wakichagua sura yake ya ujana kwa sababu inapendeza zaidi. Umri wa karatasi unatafutwa kwa njia nyingine. Mwombe fundi saa akuazime kioo chake cha kukuzia, kisha chunguza sehemu ya anga yenye rangi hafifu. Ukiona nukta ndogondogo za buluu, nyekundu, njano na nyeusi zilizojipanga kama viduara, hiyo ni chapa ya mashine ya ofseti, ileile inayochapa magazeti na kalenda, na mjomba atalazimika kukubali. Usipoona nukta zilizopangwa, bali chembechembe zisizo na mpangilio kama alama za chaki juu ya jiwe, huenda ni litografia, yaani picha iliyochorwa juu ya bamba la jiwe au la chuma kwa kalamu yenye mafuta na kuchapwa rangi moja baada ya nyingine. Ukiona vinyunyizo laini mno vya wino, picha imetoka kwenye printa ya kompyuta na haiwezi kuwa ya zamani sana. Mchoro wa mkono utakuonyesha mapito ya brashi na, mara nyingi, penseli iliyoachwa chini ya rangi.

Kuna kipimo kingine ambacho kila duka kubwa la Ngamiani linacho, nacho ni taa ya kukagulia noti. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha ambayo huwaka rangi ya buluu chini ya taa hiyo. Kipimo hiki kinafaa kukataa madai kuliko kuyathibitisha: mtu akikuambia kuwa bango lake ni la miaka ya 1920 na karatasi ikawaka kama shati jeupe, usimwamini.

Kuhusu hoja ya dada, kagua ukingo wa juu uone kama kuna matundu ya waya au dalili ya kukatwa kwa mkasi, na geuza nyuma utafute maandishi. Nami ningeongeza jambo ambalo marehemu angeligundua kabla yetu sote. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikufunga gatini Tanga. Zilitia nanga ghubani, na watu pamoja na mizigo wakashushwa kwa matishari na mashua. Picha ikionyesha Uganda imelala kwenye gati na chini yake kumeandikwa Tanga, mchoraji hakufika.

Mheshimiwa Mhariri, nimenunua bango la zamani la kampuni ya meli, na mwenye duka la stesheneri amenishauri nilipige laminesheni ili unyevu usiliharibu. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na iko karibu na bahari. Je, nikubali? — Msomaji wa Raskazone

Usikubali, na kama bango liko dukani tayari, nenda ukalichukue leo. Laminesheni hugandisha plastiki kwenye karatasi kwa joto kali, na gundi yake ikishaingia ndani ya nyuzi za karatasi haitoki tena bila kuchana picha. Kinachodhaniwa kuwa kinga huufungia ndani unyevu uliokuwamo, na siku plastiki itakapoanza kubadilika rangi au kuachia pembeni, hakuna fundi atakayeweza kukusaidia. Cheti cha kuzaliwa unaweza kukiombea nakala nyingine. Bango la kampuni iliyokufa utaliombea wapi? Nimeona mabango mazuri mengi zaidi yaliyomalizwa kwa njia hii kuliko yaliyomalizwa na mchwa, na linaloudhi ni kwamba wenyewe walilipia.

Kinachotakiwa ni fremu inayopumua. Mwambie fundi asilibandike bango kwenye plaiwudi wala hadibodi, kwa kuwa mbao hizo hutoa asidi inayogeuza karatasi kuwa ya kahawia na kuifanya ivunjike. Nyuma yake iwekwe kadibodi isiyo na asidi, na bango lishikizwe kwa vipande viwili tu vya karatasi nyembamba imara kwenye ukingo wa juu, vikibandikwa kwa gundi ya wanga wa ngano iliyo nyepesi, ili upande wa chini uwe huru kutanuka na kunywea kadiri hewa inavyobadilika. Selotepu isiguse karatasi mahali popote. Kioo nacho kisilale juu ya picha, kwa sababu wakati wa masika mvuke hugandia upande wa ndani wa kioo na wino hunata humo. Karatasi nene iliyokatwa dirisha katikati itaweka nafasi ndogo inayotosha. Kwa mbao za fremu, wa Tanga hamna shida: mtiki wa Longuza, kule Muheza, hustahimili unyevu na wadudu, ila mbao yoyote mbichi isigusane na karatasi moja kwa moja.

Ukuta wako ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mawe ya matumbawe hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole pamoja na chumvi, na picha inayogusa ukuta wa nje hupata ukungu mgongoni miezi mingi kabla hujaona doa mbele. Ukungu hustawi unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 65, na pwani kiwango hicho hupitwa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo tundika picha kwenye ukuta wa ndani, gundisha vipande vya kizibo au mpira kwenye pembe nne za nyuma ili fremu isimame mbali na ukuta kwa sentimita moja au zaidi, na uishushe kila baada ya masika uikague. Ukikuta vijidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia mwanga, jua kwamba vinakula wanga wa karatasi. Vifagie kwa brashi laini, wala usipulize dawa ndani ya fremu.

Bwana Mhariri, tuna picha ya meli yenye bodi ya zambarau hafifu. Mama anasema dohani yake ilikuwa nyekundu kabisa, lakini sasa imebaki kama ya waridi, na bahari imezidi kuwa ya buluu. Je, inaweza kurudishwa? — Msomaji wa Pangani

Mama anakumbuka vizuri. Bodi ya zambarau hafifu na dohani nyekundu yenye kichwa cheusi ni rangi za kampuni ya Union-Castle, ambayo meli zake Rhodesia Castle, Kenya Castle na Braemar Castle, zilizoanza kazi mwaka 1951 na 1952, zilikuwa zikizunguka bara zima la Afrika kutoka London.

Kilichotokea ni kazi ya jua. Katika chapa nyingi za kawaida wino mwekundu na wa njano hufa kwanza, na wa buluu na mweusi hubaki, ndiyo maana picha za mitindo ya nywele katika vibanda vya vinyozi huishia kuwa za buluu tupu. Rangi iliyokwisha kufa hairudi, na anayejitolea kuipaka upya kwa brashi atakuharibia hata iliyobaki. Mnachoweza kufanya ni kuihamishia mahali ambapo jua la asubuhi kutoka baharini haliingii, na kuipiga picha kwa kamera nzuri sasa hivi. Nakala iliyosahihishwa rangi kwenye kompyuta inaweza kukaa sebuleni, na ile ya zamani ikalazwa bapa kabatini ndani ya karatasi isiyo na asidi.

Mhariri, kijana mmoja ananiuzia picha ya Titanic iliyoandikwa 47/500 pamoja na saini, na dohani zote nne zinafuka moshi mzito. Pia ana bango la Normandie, meli ya abiria ya Ufaransa, lenye ukubwa wa karatasi ya kawaida ya ofisini, anasema ni la asili la mwaka 1935. Ninunue? — Msomaji wa Muheza

Bango la Normandie liache. Lile la asili la mwaka 1935, kazi ya mchoraji wa mabango Cassandre, lilikuwa litografia yenye urefu wa takriban mita moja, na limekwisha kunakiliwa kwa kila ukubwa.

Katika Titanic moshi wa tanuri ulitoka katika dohani tatu za mbele. Ya nne ilitumika hasa kupitishia hewa na moshi wa majikoni. Moshi mzito juu ya zote nne unaonyesha kwamba mchoraji alipenda sura kuliko ukweli, kosa ambalo wengi wamelifanya na ambalo peke yake halifanyi picha kuwa ya bandia. Namba ina maana kwamba hiyo ni nakala ya 47 kati ya 500 zilizochapwa, na katika chapa za ofseti nakala ya 47 haina ubora wowote kuizidi ya 470. Kinachobeba thamani ni saini. Iinamishe picha kwenye mwanga: penseli ya kweli hung'aa kidogo na huacha mfereji mwembamba kwenye karatasi, lakini saini iliyochapwa pamoja na picha itaonyesha nukta zilezile zilizomo katika anga na bahari. Muulize kijana jina la mchapishaji na mwaka wa toleo. Na kama hana jibu na saini ina nukta, mpe bei ya picha ya kawaida ya ukutani au mwache aende nayo.